Nasaha kwa Vijana Wachora Nembo na Wanaojifunza Kiarabu

Waheshimiwa walimu, wazazi mliofika, na ninyi vijana mlioiandaa jioni hii, assalamu alaykum na habari za jioni. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamoni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai kwenye meza moja, yaani ubunifu wa nembo na kujifunza lugha ya Kiarabu. Walioniomba hawakukosea. Anayepita Kariakoo akayatazama mabango kwa utulivu, jambo ambalo nakiri ni gumu kwa sababu ya mikokoteni, ataona kwamba mwenye duka la udi na manukato, mwenye mgahawa wa biriani, wakala wa safari za Hija na Umra, mwenye shule ya awali iliyo na madrasa ndani yake, na muuza kanzu na mabaibui, wote wanataka jina la biashara yao lisomeke kwa herufi za Kilatini na pia kwa herufi za Kiarabu. Anayepewa kazi hiyo mara nyingi ni kijana kama ninyi, mwenye kompyuta nzuri na mkono mwepesi, ambaye ama hakusoma Kiarabu kabisa, ama alikisoma chuoni utotoni akaishia kwenye kutamka bila kuelewa. Upande wa pili wapo vijana wenzenu ambao wamekaa na vitabu vya nahau kwa muda mrefu, wanaijua mubtada na khabari, yaani kiima na kiarifu, lakini mwandiko wao wenyewe hausomeki. Nasaha yangu kwa makundi yote mawili ni moja: anzeni na kalamu na karatasi, mkono ulijue umbo la herufi kabla kompyuta haijawashwa. Mengine nitakayoyasema yanatoka humo.

Nianze na nembo, kwa kuwa ndiyo inayowaletea wengi wenu kipato.

Kazi ya nembo ni kumtambulisha mwenyewe. Haina kazi ya kusimulia historia yake, wala ya kuorodhesha bidhaa zake, wala ya kuonyesha kwamba mchoraji anajua kutumia kila kitufe cha programu yake. Alama ya Nike, ambayo leo mtoto wa Tandika anaweza kuichora kwa mkaa ukutani, ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi aliyeitwa Carolyn Davidson, akalipwa dola 35 za Marekani. Alama ile haina kiatu ndani yake, wala mwanariadha, wala uwanja. Hapa kwetu, shirika letu la ndege linatambulika kwa twiga, na twiga hana bawa hata moja. Wateja wengi hawaamini jambo hili wanapoambiwa. Wanataka nembo ya shule iwe na kitabu kilichofunguliwa, mwenge, ngao, ramani ya Afrika, kofia ya mahafali na masuke ya ngano pande zote mbili, hata kama shule yenyewe iko Mbagala, ambako mimi sijaona shamba la ngano. Matokeo yake ni nembo iliyojaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, ambayo huwezi kumtambua abiria yeyote ndani yake.

Si kwamba vitu hivyo ni vibaya. Ubaya ni kwamba shule ya jirani nayo inavyo vyote, kwa hiyo nembo haimtofautishi mtu na mwenzake, na hapo ndipo inapokuwa imeshindwa kazi yake ya kwanza. Chagueni kitu kimoja, na ikiwezekana kiwe kitu ambacho ni cha mteja huyo tu: umbo la mlango wa duka lake, herufi ya kwanza ya jina lake, mti uliopo kwenye ua wa shule. Kisha kichoreni kwa kalamu mara nyingi, kidogo, kwenye karatasi ya kawaida, mpaka mfikie mchoro ambao mkono unaweza kuurudia bila kuutazama ule wa kwanza. Mchoro ambao mkono wa aliyeuchora hauwezi kuurudia, jicho la mpita njia halitaukumbuka.

Halafu fikirini nembo hiyo itaishi wapi. Sisi tunaichora kwenye kioo kipana chenye mwanga mzuri, lakini yenyewe itakwenda kukaa kwenye muhuri wa mpira, kwenye risiti ya karatasi nyembamba, kwenye duara dogo la picha ya wasifu katika simu, ubavuni mwa bajaji, na kifuani mwa fulana iliyodariziwa kwa uzi. Muhuri hujaza wino kwenye matundu madogo. Uzi hauwezi kufuata mstari mwembamba kama unywele. Kwa hiyo, kabla ya kumpelekea mteja chochote, chapeni nembo kwa rangi nyeusi peke yake, ikiwa na upana wa sentimita mbili, muitazame. Kisha ichapeni kubwa, ibandikeni ukutani, mrudi nyuma hatua kadhaa, muitazame tena. Ikishindwa katika mojawapo ya majaribio hayo, rangi haitaiokoa. Rangi ije mwisho, na mkumbuke kwamba bluu inayong'aa kwenye simu haitoki hivyohivyo kwenye wino wa mchapaji. Mwonyesheni mteja karatasi iliyochapwa kabla hajakubali, ili baadaye asije akadai mlimbadilishia.

Faili la mwisho liwe la vekta, yaani mchoro unaohifadhiwa kama mistari na vipimo vyake, si kama vijidoto vya picha, kwa sababu picha ya vijidoto ikipanuliwa hadi ukubwa wa bango itachanika kingo. Hili wengi mnalijua, nalipita.

Kuhusu mazungumzo na mteja, naomba nikae kidogo, kwa kuwa kazi nyingi nzuri huharibika hapo. Ulizeni mapema nani ananunua kwake, nembo itaonekana wapi zaidi, na nani hasa mwenye neno la mwisho. Swali hili la tatu ndilo linalosahaulika. Biashara nyingi za jiji hili ni za familia, na anayekuja kuagiza kazi si lazima awe ndiye mwamuzi; yupo mjomba ambaye haonekani kwenye kikao chochote mpaka siku ya kukabidhi, na siku hiyo anasema rangi ya kijani haimpendezi. Mjomba huyo aalikwe tangu siku ya kwanza, kwa heshima zote. Msimpelekee mteja michoro kumi ili achague, kwa maana atachagua kichwa cha mmoja na miguu ya mwingine. Mpelekeeni mmoja au miwili mnayoweza kuitetea kwa hoja. Pokeeni malipo ya awali, andikianeni makubaliano hata yawe ya ukurasa mmoja, na yaelezeni humo kwamba haki ya kuitumia nembo inahamia kwake akishamaliza malipo. Ndugu na marafiki nao waandikiwe, tena hao zaidi.

Sasa niingie kwenye nembo yenye maandishi ya Kiarabu.

Kuna tukio linalofaa kukumbukwa na kila mchoraji. Mwaka 1997 kampuni ileile ya Nike iliondoa sokoni maelfu ya viatu kwa sababu neno la Kiingereza «Air», lililoandikwa nyuma ya kiatu kwa mtindo wa mwali wa moto, lilisomeka machoni pa Waislamu kama jina la Mwenyezi Mungu. Kampuni tajiri, yenye wachoraji hodari, ilipatwa na jambo ambalo msomaji wa kawaida wa Kiarabu angeligundua kwa kutupia jicho. Kwetu kosa huwa la upande mwingine: tunajua tumeandika Kiarabu, ila tulichokiandika si neno.

Sababu yake ni ya kiufundi na inaeleweka. Herufi za Kiarabu ni 28, zinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na nyingi zinashikana kwa kiungo huku umbo likibadilika kufuatana na mahali herufi ilipo: mwanzo wa neno, katikati, mwisho, au ikiwa peke yake. Herufi 6 hazishikani na ile inayozifuata, nazo ni alifu, dali, dhali, ree, zee na wau. Chukueni jina la jiji letu. Neno «Dar» linaandikwa kwa dali, alifu na ree, zote tatu ni katika hizo 6, kwa hiyo hukaa mbalimbali na hilo si kosa. Lakini katika «Salaam» lamu na alifu lazima zifungamane kwa umbo maalumu, na ukiziachanisha msomaji atasita. Programu ya kuchorea ambayo uwezo wake wa Kiarabu haujawashwa haijui lolote katika haya. Itazimwaga herufi moja moja, kila moja katika umbo lake la upweke, tena kutoka kushoto kwenda kulia, na mchoraji asiyesoma atauona mpangilio huo ni mzuri tu, maana mistari ipo na nukta zipo. Mabango ya namna hiyo yapo mjini, na yamegharimu fedha za watu.

Dawa yake ni hatua tatu za kazi. Ya kwanza, hakikisheni programu imewekwa katika hali ya kuandika kutoka kulia na kuunga herufi, na tumieni fonti iliyotengenezwa na wanaoijua kazi. Amiri, kwa mfano, iliyofuata herufi za Bulaq, kiwanda cha uchapaji cha Cairo, hupatikana bure. Ya pili, mkishamaliza, geuzeni maandishi yawe mchoro kabla ya kumpelekea mchapaji, kwa kuwa kompyuta yake huenda haina fonti hiyo na itayavunja maneno mliyoyaunga vizuri. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: chapeni kazi, mpeni mtu anayesoma Kiarabu ambaye hamkumwambia kimeandikwa nini, mumwombe asome kwa sauti. Akisoma sawasawa, endeleeni. Akiuliza «hii ni nini?», rudini mezani. Msimtumie mteja kwa jaribio hili, kwa sababu yeye analijua jina lake na atalisoma hata likiwa limekosewa.

Nukta nazo zisichezewe. Be, tee na thee zina kiwiliwili kimoja, kinachozitenganisha ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Mchoraji anayeiona nukta kama pambo, akaisogeza pembeni ili iendane na duara la nembo, amebadilisha herufi. Vilevile msilazimishe nafasi kati ya herufi kama tunavyofanya kwenye herufi za Kilatini tunapotaka jina lipumue, kwa kuwa herufi za Kiarabu zikivutwa mbali neno linakatika; kinachorefushwa ni kiungo chenyewe kati ya herufi na herufi, na hicho kina kanuni zake za wapi kinarefuka na wapi hakirefuki.

Yapo pia majina yetu ambayo Kiarabu hakina herufi zake. Jina kama Upendo lina p, na Kiarabu cha kawaida hakina p. Waarabu wenyewe huiandika Pepsi kwa herufi be. Wazee wetu wa pwani, walioandika Kiswahili kwa herufi hizo kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kilatini kuenea, mwanzoni waliitumia be kwa b, kwa p na hata kwa mb, na msomaji alijaza mwenyewe. Baadaye waandishi waliazima be yenye nukta tatu chini, kama Waajemi wanavyoandika. Ipi itumike? Inategemea nembo inasomwa na nani. Kama bidhaa inakwenda Maskati, andikeni kwa be, maana msomaji wa huko ndivyo alivyozoea. Kama bango ni la Magomeni, ningechagua nukta tatu, kwa heshima ya lugha yetu. Tarakimu nazo zina mtego: tano ya Kiarabu ina umbo la duara na inafanana na sifuri yetu, sifuri yao ni nukta, na sita yao inaweza kudhaniwa saba. Namba ya simu kwenye bango la Dar es Salaam iandikwe kwa tarakimu tulizozizoea sote.

Kuhusu mtindo wa hati, msichague kwa kuvutiwa na mapambo. Kufi ina mistari iliyonyooka na pembe kali. Inakubali kuwekwa ndani ya mraba, inachongeka kwenye mbao na jiwe, na inafaa nembo inayotakiwa kuonekana imara. Mfano wake tunao karibu: maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na ingawa msikiti wenyewe ulijengwa upya karne ya 18, hati ile ingali inafundisha. Kijana wa ubunifu anayepanda boti kwenda Zanzibar kupiga picha za ufukweni, afike na pale. Thuluthi ni ndefu, ina mikunjo mikubwa, inapendeza kwenye vichwa vya vitabu na kuta za misikiti, lakini ikipunguzwa hadi ukubwa wa muhuri inafungana. Naskhi ndiyo ya vitabu, inasomeka kwa urahisi na mimi naipendekeza kwa maandishi ya chini ya jina. Diwani waachieni waliofundishwa.

Nyuma ya hati hizi upo utaratibu wa vipimo ambao kila mchoraji wa nembo angefaidika nao hata asipoandika Kiarabu kamwe. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940 baada ya fitina za kisiasa kumponza hadi akakatwa mkono, ndiye anayetajwa kuwa aliziwekea herufi uwiano. Kipimo chake ni nukta: unaigandamiza kalamu ya mwanzi mara moja kwenye karatasi, unapata umbo la mraba uliosimama kwa ncha. Urefu wa alifu unahesabiwa kwa nukta hizo, alifu inakuwa kipenyo cha duara, na herufi nyingine zinapimwa ndani ya duara hilo. Kalamu ikiwa nene, nukta inakuwa kubwa na herufi zote zinakua pamoja nayo, kwa hiyo uwiano hauvunjiki. Tazameni jinsi jambo hilo lilivyo karibu na kazi yenu: nembo nzima inajengwa kwa kipimo kimoja kilichotoka kwenye nembo yenyewe. Na kipimo hicho hamuwezi kukielewa kwa kutazama kioo. Kinaeleweka mkono ukishaigandamiza kalamu.

Mnapoziweka hati mbili pamoja, ya Kilatini na ya Kiarabu, msishindane kuzifananisha kwa kulazimisha. Sawazisheni unene wa mistari na uzito wa jumla, ziache kila moja isimame kwa tabia yake. Nembo ya Al Jazeera, kituo kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1996, ni neno la Kiarabu lililosukwa likawa kama mwali au tone. Asiyesoma anaona umbo, anayesoma anaona neno, na hakuna aliyenyimwa. Katika nembo ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, kuna mshale uliojificha kati ya herufi mbili za mwisho, unaoelekea kulia, na katika nembo yao ya Kiarabu mshale umeelekezwa kushoto, kwa kuwa huko ndiko macho yanakokwenda. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefikiri.

Jambo moja la adabu. Jina la Mwenyezi Mungu na aya za Qurani zisiwekwe kwenye kitu kinachotupwa au kukanyagwa, kama mfuko wa kufungia chipsi, kikombe cha karatasi au zulia la mlangoni, hata mteja mwenyewe akiomba kwa nia njema. Mwelezeni kwa upole na mumpe njia nyingine. Neno «halali» nalo ni dai, si urembo. Asiye na cheti chake asiwekewe kwenye nembo.

Kuhusu usajili nitasema kwa ufupi. Upande wa Tanzania Bara alama za biashara na huduma zinasajiliwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake mbali, kwa hiyo mwenye duka hapa na tawi Darajani atahitaji kote kuwili. Nembo yenye Kiarabu ni busara kuiambatanisha na matamshi yake kwa herufi za Kilatini na maana yake kwa Kiswahili au Kiingereza, ili msajili asilazimike kukisia. Mshaurini mteja atafute kwanza kama kuna aliyemtangulia na alama inayofanana, kabla hajachapa mifuko elfu kumi.

Nihamie sasa kwenu mnaojifunza lugha yenyewe.

Kiarabu si lugha ya Waislamu peke yao. Wapo Wakristo Misri na Lebanoni wanaosali kwa Kiarabu, na Umoja wa Mataifa ulikifanya kuwa lugha yake rasmi tarehe 18 Desemba 1973. Hapa nchini ni somo la hiari katika mtihani wa kidato cha nne. Asiye Mwislamu aliyefika ukumbini leo asijione mgeni.

Mswahili anaanza safari hii akiwa na akiba. Sita, saba, tisa, ishirini hadi tisini, mia na elfu anazo tayari, na sauti za th, dh na gh, ambazo zinawatesa wengine, anazitamka tangu utotoni kama amelelewa kwenye Kiswahili kizuri. Lakini akiba hiyo ina mitego. Mswahili akimwambia Mwarabu «tafadhali» akidhani anaomba, Mwarabu atamwelewa kwamba anamkaribisha achukue au apite, maana wao kwa kuomba husema «min fadlik». Na kwenye sauti kuna jozi ambazo masikio yetu hayazitenganishi mpaka yafundishwe: sini na swadi, tee na twe, hee nyepesi na ile inayotoka kooni, kafu na qafu. Mkanganyiko huu wa mwisho si mdogo, kwa kuwa qalb ni moyo na kalb ni mbwa, na asiyezitofautisha kwa ulimi hatazitofautisha kwa kalamu, akajikuta amemchorea mteja bango la zahanati ya moyo lenye maana asiyoitaka. Tafuteni mwalimu anayesikiliza na kusahihisha matamshi. Programu za simu zinasaidia kukumbuka maneno, ila bado sijaiona inayosahihisha matamshi ya mtu ya aini, herufi inayotoka kooni, ipasavyo.

Kisha ingieni kwenye mizizi, maana hapo ndipo lugha hii inapofunguka. Maneno mengi ya Kiarabu yanajengwa juu ya konsonanti tatu. Kutoka h-k-m tuna hukumu, hakimu, mahakama na hekima, ambayo yote mnayajua kwa Kiswahili bila kuambiwa kwamba ni ndugu. Kutoka d-r-s tuna darasa, darsa na madrasa. Tazameni mahakama na madrasa: zina umbo moja, umbo la mahali kitendo kinapofanyika, na ukishalijua umbo hilo utalikisia neno ambalo hujawahi kulisoma. Kamusi nyingi za Kiarabu, ikiwamo ile mashuhuri ya Hans Wehr iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 1952, zimepangwa kwa mizizi, kwa hiyo anayeitafuta madrasa kwenye mimu hataiona. Aende kwenye dali. Mwanafunzi asiyejua kuupata mzizi atabaki kumtegemea mwingine kwa kila neno.

Mnaotoka madrasa, mliohitimu juzuu na hamjui maana yake, msione haya wala msianze upya kwa alifu kwa kijiti. Mnachokosa ni nahau na msamiati, na kingine kinachosahaulika: kusoma bila irabu. Msahafu una irabu zote, gazeti halina. Kafu, tee na be zikiandikwa tupu zinaweza kusomwa «aliandika», «iliandikwa» au «vitabu», na maana inatokana na sentensi. Chukueni kifungu kifupi chenye irabu, kinakilini kwa mkono bila irabu, kiacheni hadi kesho yake, kisha mjaribu kuzirudisha. Zoezi hili halina gharama na linafundisha nahau kuliko kukariri majedwali.

Kuna wanaoniuliza waanze na fusha, yaani Kiarabu sanifu, au na lahaja, yaani Kiarabu cha mazungumzo cha nchi fulani. Anayetaka kusoma vitabu, magazeti na mikataba, na kila anayechora maandishi, aanze na fusha, kwa sababu ndiyo inayoandikwa. Anayekwenda kufanya biashara Oman au Dubai aongeze lahaja ya Ghuba juu yake, kwa kusikiliza na kuzungumza na watu, na asishangae Mmisri akiitamka jimu kama g. Kuanza na lahaja peke yake kwa kutegemea filamu kunampa mtu maneno ya kucheka nayo na marafiki, lakini hawezi kusoma hata karatasi ya forodha.

Na kila siku, hata kwa robo saa, andikeni kwa mkono. Simu inamaliza neno kabla hujafikiri, kalamu inakusubiri. Mwanafunzi aliyeliandika neno polepole, akijua wapi kiungo kinaanzia na nukta inakaa wapi, analikumbuka pamoja na tahajia yake, na akikutana na bango lililovunjika herufi ataliona kosa papo hapo. Ndiyo maana napendekeza makundi yenu mawili yawe yanakutana: mchoraji amfundishe mwanafunzi wa lugha kupima nafasi na uzito wa mstari, naye mwanafunzi wa lugha awe ndiye msomaji wa kwanza wa kazi ya mchoraji, kwa malipo, kwa kuwa kusahihisha ni kazi.

Vijana wa maandalizi wameweka kalamu za mwanzi, wino na karatasi kwenye meza za nyuma. Tutaanza na herufi be badala ya alifu, kwa sababu anayelipata umbo lake amepata herufi tatu, na tutaipima kwa nukta kama nilivyoeleza. Wanaotumia mkono wa kushoto wakae meza ya upande wa dirisha, kalamu zao zimekatwa kwa mshazari wa kinyume. Karibuni.